Mlezi Hulea kwa Ajili ya Nani?

Zipo kazi ambazo mtu anaweza kuzijua, akazifanya vizuri maisha yake yote, kisha akafa nazo, na hasara isiwe kubwa. Mvuvi anayejua peke yake mahali fulani ziwani panapojaa sato, akiificha siri hiyo hadi kaburini, amewanyima wanawe. Lakini sato wenyewe wamebaki majini, na siku moja mwingine atawagundua. Fiziotherapia si kazi ya namna hiyo. Sehemu kubwa ya ujuzi wake hukaa mikononi, na mikono ikizikwa, ujuzi nao huzikwa. Mgonjwa atakayepigwa na kiharusi miaka kumi ijayo hatafaidika hata kidogo na ustadi wa mtu aliyestaafu bila kumwachia mwenzake.

Kwa sababu hiyo nimelitafakari kwa muda mrefu swali moja ambalo kwa nje linaonekana jepesi. Mtu mzima katika kazi anapomchukua kijana na kumlea katika kazi hiyo, hulea kwa ajili ya nani? Je, kwa ajili ya kijana mwenyewe, ili apande ngazi na kujipatia maisha mema? Kwa ajili ya hospitali iliyowakutanisha? Kwa ajili ya jina lake mlezi, ili watu waseme "yule kalelewa na fulani"? Au kwa ajili ya mgonjwa? Msomaji mwepesi wa kujibu atasema: kwa ajili ya wote. Ni kweli, siku nyingi jibu hilo linatosha. Lakini ipo siku ambapo mmoja hawezi kupata haki yake bila mwingine kupungukiwa, na siku hiyo ndiyo inayompima mlezi.

Mimi ni mkazi wa Kamunyonge, hapa Musoma mjini, na kazi hiyo niliifanya hadi kustaafu. Jina lake ni gumu kwa watu wengi. Wagonjwa huiita "mazoezi", wengine husema wanakwenda "kuchuliwa", na kila avaaye koti jeupe kwao ni daktari. Kuchua kumo, lakini ni sehemu ndogo. Kazi yenyewe ni kumrudishia mtu matumizi ya mwili wake kadiri inavyowezekana: mvuvi aliyevunjika paja, kijana wa bodaboda aliyegongwa barabara ya kwenda Bunda, mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye mama yake bado anambeba mgongoni ingawa ametimiza miaka sita, bibi aliyeamka alfajiri akakuta upande wake wa kulia haumtii tena. Watu hawa hawanyanyuki kwa sindano. Wanahitaji mtu wa kuwashika, kuwaelekeza, kurudia nao jambo lile lile mara mia, na kujua lini aache kuwashika.

Watu wa namna hiyo ni wachache. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wapatao bilioni 2.4 duniani wana hali ambayo ingenufaika na huduma za utengamao, na kwamba katika baadhi ya nchi zenye kipato cha chini na cha kati kuna wataalamu chini ya 10 kwa kila watu milioni moja. Wengi wetu wa kizazi changu tulisomea Moshi, katika chuo kilichopo KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971. Kutoka huko mhitimu aliweza kupelekwa mahali ambapo hapakuwa na mwingine wa fani yake. Alikabidhiwa chumba, kitanda, vyuma viwili vya kushikilia wakati wa kutembea, na foleni ya wagonjwa. Hapo ndipo elimu ya chuo inapokutana na mwili wa mtu mwenye maumivu, na hapo ndipo haja ya mlezi inapoanza.

Siku hizi katika semina za watumishi tunasikia maneno mengi: mshauri, mnasihi, kocha, mlezi. Si vibaya kuyapambanua, maana anayeyachanganya huweza kudhani ametimiza wajibu wake ilhali ametimiza robo tu. Mwalimu wa darasani hukupa elimu na kukupima kwa mtihani. Msimamizi huangalia kama umefika kazini kwa wakati na kama kumbukumbu za wagonjwa zimeandikwa. Kocha hukusaidia kutenda vizuri zaidi jambo ambalo tayari unaweza kulitenda. Mlezi huchukua mzigo zaidi ya huo: anakutazama wewe mzima, tabia yako na kesho yako, naye amekubali moyoni kwamba ukiharibikiwa, sehemu ya aibu ni yake.

Tuanze na kocha. Biashara United ya hapa Mara ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2018, wapenzi wa soka tulikwenda Uwanja wa Karume, na kila mmoja wetu alimpigia kelele kocha kana kwamba yeye ndiye mwenye mpira mguuni. Lakini kocha ana mstari ambao haruhusiwi kuuvuka. Aliyoyafundisha wiki nzima yatatendwa na miguu ya mwingine, naye atasimama pembeni akitazama. Anayeshindwa kuvumilia kusimama pembeni hafai kuwa kocha, hata kama alikuwa mchezaji hodari kupita wote.

Katika kazi yetu mstari huo haukuchorwa kwa chokaa, kwa hiyo ni rahisi kuuvuka. Kijana anamhudumia mgonjwa polepole, foleni inakua, nawe mkono unakuwasha umpokonye ile kazi uimalize kwa dakika tatu. Ukifanya hivyo mgonjwa mmoja amepona haraka na kijana hajajifunza lolote, isipokuwa kwamba yeye ni mzito. Namkumbuka binti mmoja aliyekuja kwetu baada ya kumaliza chuo. Siku moja aliniambia, kwa kukata tamaa, "Mzee, yule mama wa kiharusi hafanyi mazoezi niliyompa. Kila wiki anarudi vilevile."

Nilikuwa na majibu mawili matatu mdomoni. Badala yake nilimwuliza, "Mwanangu, nyumbani kwake umewahi kufika?"

Hakuwa amefika. Alikwenda jioni ile ile. Alikuta nyumba imejengwa kwenye mteremko wenye mawe, na ndani hakuna kiti chenye mgongo wala mikono, kuna vigoda. Mazoezi yote aliyokuwa amempa mama yule, ya kunyanyuka na kukaa, yalihitaji kiti cha hospitali. Yule mama hakuwa mvivu. Alikuwa ameambiwa afanye jambo lisilowezekana nyumbani mwake, na kwa heshima aliyokuwa nayo kwa "daktari" hakuthubutu kusema. Binti alibadilisha mazoezi: akamfundisha kunyanyuka kutoka ukingoni mwa kitanda, mjukuu akiwa amesimama upande uliolala. Ningempa jibu mimi, angelitumia kwa mgonjwa huyo mmoja tu. Swali lile alilichukua, na baadaye nilimsikia akimwuliza nalo mwingine.

Hata hivyo kuuliza maswali hakutoshi, na hapa natofautiana na wale wanaodhani kwamba kila kitu kimo ndani ya kijana na kazi yetu ni kukitoa. Mengine hayamo. Lazima atiwe na mwingine, mkono juu ya mkono. Chukua mfano wa mtoto anayezaliwa na mguu kifundo, yaani nyayo zilizopinda kuelekea ndani. Njia inayotumika sasa karibu dunia nzima iliasisiwa na Ignacio Ponseti, daktari mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani. Mguu wa mtoto unanyoshwa kidogo kidogo kwa mikono, unafungwa hogo, na kila wiki hogo linabadilishwa. Mara nyingi yanatosha mahogo matano hadi saba. Kwa watoto wengi hufuata mkato mdogo wa mshipa wa kisigino, kisha viatu maalumu vyenye kiungio, ambavyo mtoto huvivaa usiku mpaka afikie miaka minne hivi. Tangu miaka ya mwanzoni mwa 2000, Uganda na Malawi zilionyesha kwamba si lazima mfunga hogo awe daktari wa mifupa; wahudumu wengine wa afya waliofundishwa vizuri huifanya kazi hiyo kwa ufanisi.

Waliofundishwa vizuri: maneno hayo mawili ndiyo mzigo wenyewe. Kabla ya Ponseti alikuwapo daktari mwingine Mmarekani, Kite wa Atlanta, naye pia alinyosha nyayo za watoto na kuzifunga mahogo. Alikuwa mvumilivu na mwenye nia njema. Lakini kidole gumba chake alikiweka mahali tofauti, mbele kidogo ya panapostahili, kwenye ukingo wa nje wa mguu, na kwa kukibana hapo mguu uligoma kugeuka. Mahogo yakawa mengi, miezi ikawa mingi, na watoto wengi walimalizia kwa upasuaji mkubwa. Ponseti aliweka gumba juu ya kichwa cha mfupa wa talasi, na mguu ukageuka kwa wiki chache. Tofauti kati ya mtoto atakayecheza rede na mtoto atakayechechemea ilikuwa ni upana wa kidole. Kitabu kinaweza kukuchorea mahali penyewe, lakini hakiwezi kukufanya ukahisi mfupa huo mdogo chini ya ngozi ya mtoto wa wiki mbili anayelia. Hilo hupatikana kwa mtu mwingine kuweka kidole chake juu ya chako na kusema, "Hapa. Siyo hapo, hapa."

Lakini mfano huu una upande wa pili ambao walezi hatupendi kuutazama. Mkono unaorithisha ujuzi ndio huo huo unaorithisha kosa. Waliofundishwa kwa njia ya Kite waliifundisha kwa wengine kwa uaminifu ule ule, na ule uaminifu ndio uliolikuza kosa. Ponseti alichapisha matokeo yake mwaka 1963, na wengi wa wenzake hawakumsikiliza hadi miaka ya 1990 ilipokaribia kwisha, yeye akiwa mzee wa zaidi ya miaka themanini. Katika miaka hiyo zaidi ya thelathini, watoto wangapi walikatwa nyayo kwa sababu daktari hakutaka kuonekana amemkosoa aliyemlea?

Kwa hiyo natoa hoja kwamba mlezi humdai kijana heshima, lakini hana haki ya kumdai utii wa mawazo. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ina ukweli wake, na nimeiona ikitimia kwenye mguu wa mtoto mchanga. Lakini hata mguu huo hatuukunji kwa umbo tulipendalo sisi. Tunaunyosha ufuate umbo ambalo ulistahili kuwa nalo. Kijana naye ndivyo. Mlezi anayetaka mfano wake mwenyewe utembee barabarani baada ya yeye kustaafu anakunja, hanyoshi. Akija kijana kutoka chuoni na kusema, "Shikamoo Mzee, sisi tulifundishwa kwamba mgonjwa wa kiharusi arudie tendo lenyewe la kushika kikombe mara nyingi, si kunyoosha mkono tu," jibu la haki ni, "Marahaba, nionyeshe." Anayejibu "Sisi tumefanya hivi miaka thelathini" amejibu swali la umri wake, si swali la mgonjwa.

Pamoja na ujuzi liko jambo lingine linalopita kutoka mkono hadi mkono, nalo ni adabu ya kugusa. Kazi yetu inaruhusiwa kugusa mwili wa mtu asiyetufahamu, tena mara nyingi akiwa amevuliwa nguo na hana nguvu ya kutusukuma. Mwaka 1894 huko London wauguzi wanne wanawake waliunda chama cha wachuaji waliofuzu, ambacho ndicho mzazi wa taaluma hii nchini Uingereza, na sababu mojawapo ni kwamba wakati ule nyumba za kuchua zilikuwa zimepata sifa mbaya. Walitaka mtu anayeguswa awe na hakika kwamba yupo anayemjibia yule anayemgusa. Taaluma yetu, basi, ilizaliwa kutokana na ulezi: mmoja kusema mbele ya watu, "Huyu namjua, mkono wake ni safi."

Ndiyo maana mlezi mwenyewe hana budi kuwa na mkono safi kwa yule anayemlea, maana nguvu zao si sawa. Kijana anayejitolea bila mshahara, akisubiri jina lake litoke katika ajira za serikali, ni vigumu amwambie mzee wa idara "hapana". Wapo wanaomgeuza mtumwa wa kununua chai. Wapo wanaomwachia foleni yote na kuliita jambo hilo mafunzo. Wapo wanaomficha ujuzi kidogo kidogo ili asije akawapita. Na wapo wanaomdai binti malipo ambayo hawezi kuyataja nyumbani kwao. Hao wote huitwa walezi kwa sauti ile ile ya heshima. Kipimo changu ni kimoja: tukiwa wawili, je, kijana anaweza kuniuliza "kwa nini?" na akalala usingizi usiku ule? Kama hawezi, nina mtumishi wa bure, sina ninayemlea.

Sasa nifikie siku ile niliyoitaja mwanzo, ambayo haki ya mmoja humpunguzia mwingine. Binti yule wa vigoda alijitolea katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi kwa karibu miaka mitatu. Mzaliwa wa hapa hapa, baba yake aliuza ng'ombe wanne ili asome. Alikuwa na kipaji cha watoto. Kila Alhamisi alikusanya akina mama wenye watoto wa mtindio wa ubongo, kumi na moja kwa hesabu ya mwisho, akawafundisha kumkalisha mtoto, kumlisha bila kupaliwa, kumwegemeza kwa mto wa matambara. Kisha ikaja nafasi ya kazi Dar es Salaam, yenye mshahara, katika hospitali kubwa, pamoja na uwezekano wa kujiendeleza katika tiba ya watoto. Mwenzangu mmoja kazini aliniita pembeni akasema, "Mzee, mwambie asubiri. Ukisema wewe, atakubali." Naye alisema kweli. Angekubali.

Wanaotaka kumzuia kijana kama huyo wana hoja nzito, na nzito kuliko zote ilisemwa na mtu wa mkoa huu huu. Julius Nyerere alitoka Butiama, mwaka 1934 akaanza shule Mwisenge, hapa Musoma, akaenda Tabora, akafika hata Edinburgh, na mwaka 1952 akarudi kuja kufundisha Pugu. Katika miaka ya 1960, alipokuwa Rais, aliwapigia mfano wasomi wa nchi hii. Alisema msomi ni kama mtu aliyepewa na kijiji chenye njaa chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Akila asirudi, huyo ni msaliti. Mfano huu sikuupinga ujanani wala siupingi leo. Mwenye ujuzi ana deni, na deni hilo halifutwi na kipaji chake.

Lakini nilipoutumia kumpimia binti yule, niliona mambo mawili. La kwanza, kijiji cha mfano ule kilikuwa kimempa msafiri chakula. Binti huyu alisomeshwa na ng'ombe wa baba yake, kisha akafanya kazi karibu miaka mitatu pasipo mshahara, akila kwa mama. Kama yuko aliyekula na asilipe, tuangalie vizuri ni nani. Jamii inayomtaka kijana awe mwaminifu haina budi nayo kuwa aminifu kwake. Haiwezi kumwacha aondoke kwa njaa yake kisha imwite msaliti. Hata kati ya mataifa hoja hii imekubalika. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za hiari za uajiri wa wahudumu wa afya kutoka nchi nyingine, na mwaka 2023 lilitaja nchi 55, Tanzania ikiwa mojawapo, ambazo wataalamu wake wasiwindwe kwa bidii na nchi tajiri. Kanuni hizo zinawabana waajiri na serikali. Hazimpokonyi mtaalamu mmoja mmoja haki ya kwenda anakotaka.

La pili lilinigusa zaidi. Deni la binti, kwa kiasi chochote kile, hakuwa amekopa kwangu. Mimi nilikuwa nimempa nilichopewa na wengine kule Moshi na wodini, na nilipewa bure. Kama ningetumia imani aliyokuwa nayo kwangu kumfunga asiondoke, ningekuwa nimegeuza ulezi kuwa kamba. Kila nilichomfundisha tangu siku ya kwanza kingekuwa chambo. Na vijana wengine wangetazama na kuelewa: ukikubali kulelewa na mzee huyu, utalipa kwa uhuru wako.

Katika chumba cha mazoezi tunamshika mgonjwa upande ulio dhaifu. Tukimwachia mapema anaanguka. Tukimshika kupita kiasi anaizoea mikono yetu na miguu yake hailazimiki kufanya kazi. Siku akitembea mwenyewe hadi mlangoni hatumwulizi anaelekea wapi. Walakini najua mfano huu haufiki mwisho wa njia. Mgonjwa akiondoka, kitanda hubaki wazi kwa ajili ya mwingine. Binti akiondoka, kinachobaki wazi ni nafasi yake, na wanaoumia ni watoto kumi na mmoja.

Basi nilifanya lile nililoliona kuwa stahili ya pande zote mbili. Sikumwambia abaki, wala sikumwambia "nenda, usiwaze". Nilimwambia, "Binti yangu, nafasi hii ni halali yako. Ukienda, Alhamisi itakufa kwa muda, na wapo akina mama ambao hawatarudi. Nakuambia si ili ubaki. Nakuambia kwa sababu mtu mzima huamua akiwa anajua." Alilia kidogo, akaniomba wiki sita kabla ya kuondoka. Katika wiki hizo alimfundisha mhudumu wa wodi yale aliyoweza kufundishwa, na akawafundisha akina mama kufundishana wao kwa wao.

Alhamisi ilikufa, kama nilivyosema. Kwa miezi mingi chumba kilikuwa kimya siku hiyo. Akina mama wanne waliendelea kukutana katika nyumba ya mmoja wao. Wengine sikuwaona tena. Siku moja mama mmoja alinisimamisha njiani, mtoto mgongoni, akauliza, "Baba, yule binti wa watoto atarudi lini?" Nilimjibu kwamba sijui. Miaka ilipopita nilipata habari kwamba yupo kijana wa fani yetu huko Bunda ambaye humpigia simu binti huyo usiku, humtumia picha za jinsi alivyomkalisha mtoto, naye humjibu baada ya zamu yake bila kudai kitu. Sikuwaunganisha mimi. Nilifurahi, lakini sitamwambia msomaji kwamba kijana wa Bunda anafidia Alhamisi ya Musoma. Watoto wa Bunda si wale kumi na mmoja, na hesabu za watu hazilingani kama hesabu za duka.

Nikirudishwa siku ile, nitasema maneno yale yale, na gharama yake itakuwa ile ile. Kwa maoni yangu mlezi hulea kwa ajili ya mgonjwa ambaye bado hajafika, na ambaye yeye mwenyewe huenda asimwone kamwe, labda katika mji asioujua. Hiyo ndiyo sababu hana ruhusa ya kuficha ujuzi ili amfunge mtu, maana anayeunyima mkono wa kijana ameunyima mwili wa mgonjwa huyo. Hiyo pia ndiyo sababu hana ruhusa ya kulea mmoja tu kipenzi chake na kutulia, maana huyo mmoja akiondoka mlango unafungwa. Alee wawili, na akiweza alee watatu, na amfundishe yule mhudumu wa wodi ambaye hana cheti lakini hatahama. Nao wenye mamlaka ya kuajiri wasiutwike ulezi mzigo wa mshahara. Hakuna mzee mwenye maneno matamu kiasi cha kumlisha kijana aliyejitolea mwaka wa tatu.

Deni la kijana lipo, na namsihi asilisahau popote aendapo. Lakini asilipeleke kwa mlezi wake. Mlezi ameshalipwa, alilipwa siku alipoona gumba la mwingine limetulia mahali pake bila kuelekezwa. Deni lilipwe kwa anayefuata, anayeingia asubuhi akiwa na cheti kipya na mikono inayotetemeka, na anayehitaji mtu wa kumwambia kwa upole, "Hapa. Siyo hapo, hapa," kisha aondoe mkono wake.